Kuyakinga Maua Machanga na Sakitu katika Mabonde ya Kigezi

Mtu aliyezoea joto la Kampala au la Jinja huona kama mzaha akiambiwa kwamba nchini Uganda yapo maua yanayouawa na barafu, na wala si kule juu kwenye vilele vya Rwenzori. Sisi tunaotunza bustani katika mabonde ya Kabale, eneo la Kigezi kusini-magharibi mwa nchi, na wenzetu wa miteremko ya juu ya Mlima Elgon, hatuna sababu ya kucheka. Sakitu, yaani barafu hiyo ya usiku, haiji kila mwaka, wala haifiki kila kiwanja, lakini ikija humaliza kazi yake kwa usiku mmoja, na asubuhi mwenye bustani huikuta miche aliyoipanda wiki iliyotangulia imelala chini, majani yamekuwa meusi na teketeke kama mboga iliyochemshwa.

Kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, hatuna majira ya theluji ambayo mtu angeweza kuyahesabia siku na kusema kwamba sasa baridi imekwisha. Baridi yetu inafuata kukatika kwa mvua. Mvua za Machi hadi Mei zikikoma, anga hutakata, hewa hukauka, na usiku wa Juni, Julai na mwanzo wa Agosti huwa mkali kuliko usiku mwingine wowote wa mwaka. Wengi hupanda maua mwishoni mwa Mei, udongo ukiwa bado na unyevu, au katikati ya Agosti, wakitegemea mvua za Septemba ziwakute wameshapanda. Nyakati zote mbili ni za kutilia shaka, na ile ya Agosti ndiyo inayohadaa zaidi, kwa sababu manyunyu machache humfanya mtu aamini kwamba kiangazi kimeisha, kumbe bado umebaki usiku mmoja au miwili mikavu.

Sakitu ni mvuke uliomo hewani unaoganda moja kwa moja juu ya majani, nyasi na mabati pindi vitu hivyo vinapopoa hadi chini ya digrii 0 za Selsiasi. Kinachoua ua si ule unga mweupe unaoonekana kwa nje, bali ni maji yanayoganda ndani ya jani: barafu hutanda baina ya seli, ikazinyonya maji na kuuharibu utando wake, kiasi kwamba inapoyeyuka jani halina tena kinachoweza kulisimamisha. Mche uliohamishwa karibuni huumia kuliko mmea mkongwe kwa sababu mizizi yake haijashika udongo vizuri na majani yake yangali mororo.

Baridi inatoka wapi

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea, na mimi nilikosea kabla yao. Mchana udongo hupokea joto la jua na kulihifadhi. Usiku hulirudisha kuelekea angani. Kukiwa na mawingu, sehemu kubwa ya joto hilo hurudishwa chini, na kukiwa na upepo, hewa ya juu yenye joto huchanganyika na ile iliyo karibu na ardhi. Usiku usio na wingu wala upepo, joto hupotea bila kizuizi, majani hupoa kuliko hata hewa inayoyazunguka, na hewa iliyopoa, kwa kuwa ni nzito, huteremka polepole kutoka vilimani na kutuama bondeni. Kwa hiyo jioni yenye upepo na mawingu, ambayo hutufanya tujifunike makoti, si ya kuogopwa sana. Ya kuogopwa ni ile jioni tulivu, nzuri, yenye nyota tele, ambayo mtu huenda kulala akiisifia.

Mwaka wangu wa kwanza katika kiwanja ninachokaa sasa, nilipanda begonia na zinia zipatazo 60 kwenye tuta la chini kabisa, palipokuwa kinamasi cha mafunjo kabla ya mabonde yetu mengi kukaushwa, kwa sababu udongo wa pale ni mweusi na ulinivutia. Nilikuwa na kipimajoto, nikakitundika ukutani barazani. Asubuhi moja ya Julai kilisoma digrii 4, na maua yote yalikuwa yamekufa. Jirani yangu, mzee aliyestaafu jeshini, alikuja kunipa pole.

“Afande, kipimajoto kilisema nne,” nilimwambia. “Barafu inataka sufuri.”

“Kilisema nne pale barazani ulipokitundika, kijana. Kwani maua yako yalilala barazani?”

Kisha alichuchumaa kwenye nyasi za ukingo na kunionyesha kwa kidole jambo ambalo nilikuwa nimelipita bila kuliona. Nyasi za tuta la chini zilikuwa nyeupe na zilivunjika kwa sauti alipozigusa, ilhali zile za tuta la pili, ambalo halizidi kimo cha mtu kwa kwenda juu, zilikuwa na umande wa kawaida tu. Mpaka kati ya nyeupe na kijani ulikuwa umenyooka kama ukingo wa maji ya ziwa. Tangu siku hiyo kipimajoto changu hukaa juu ya kijiti katikati ya maua, kwenye kimo cha majani yenyewe, kikitazama anga, kwa sababu usiku mtulivu kimo cha majani huweza kuwa na baridi zaidi kwa digrii kadhaa kuliko kifua cha mtu aliyesimama.

Mahali pa kupanda

Kabla ya kununua hata mche mmoja, tembea katika kiwanja chako asubuhi mbili au tatu za kiangazi, karibu saa kumi na mbili na nusu, kabla jua halijachomoza, kwa maana huo ndio wakati wa baridi kuliko wote. Miguu yako itakuambia baridi imetuama wapi. Sehemu hiyo iachie kabichi, au maua magumu nitakayoyataja baadaye, na maua laini yapandishe juu kidogo kwenye mteremko. Nusu ya kilima ni pazuri kuliko bondeni, na mara nyingi ni pazuri kuliko kileleni.

Ukiwa na ua wa miti au ukuta unaokatiza mteremko upande wa chini wa bustani, fahamu kwamba unafanya kazi ya bwawa: hewa baridi inayoteremka hugota hapo na kujaa. Toboa upenyo sehemu ya chini ya ua huo, hata kama ni wa upana wa mlango tu, ili baridi ipite na kwenda zake. Ua ulio upande wa juu wa bustani, kinyume chake, husaidia, kwa sababu huigeuza hewa hiyo ipite kando. Vilevile, mche uliopandwa chini ya upenu wa nyumba, au chini ya matawi ya mti mkubwa, hauoni anga lote na kwa hiyo haupotezi joto lake lote; na ukuta wa mawe au wa matofali uliopigwa na jua la alasiri hutoa joto hadi usiku wa manane. Udongo wa vinamasi vilivyokaushwa una tatizo lake, maana ukikauka juu huwa mwepesi kama majivu, haupitishi joto kutoka chini, na sakitu huupenda.

Miche iliyotoka nchi ya joto

Vitalu vya kando ya barabara za Kampala vina miche ya kupendeza, na hakuna ubaya kuinunua huko. Ila mche huo umekulia kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ambako usiku ni wa vuguvugu, halafu unasafirishwa kwa basi zaidi ya kilomita 400 hadi Kabale, kwenye mita 1,800 na zaidi, na kesho yake unapandwa nje. Haujui baridi ni nini. Uzoeshe kwa siku saba hadi kumi: siku za kwanza uweke barazani usiku na nje mchana, kisha uache nje usiku wenye mawingu, na mwisho uache nje usiku wowote usio mkali sana, huku ukipunguza maji kidogo bila kuuacha unyauke. Katika siku hizo usiupe yurea wala mbolea nyingine yenye naitrojeni nyingi, kwani majani yatakayochipuka yatakuwa mapana, yamejaa maji, na hayo ndiyo ya kwanza kuungua. Nimewahi kupanda miche ya aina moja, nusu ikiwa imezoeshwa na nusu ikiwa imetoka kwenye boksi siku hiyo hiyo, na sikuhitaji kuandika alama ya kutofautisha.

Kuutayarisha udongo mchana

Joto litakaloyaokoa maua yako usiku halitoki popote ila kwenye udongo wako mwenyewe. Kazi nzima ya kuzuia sakitu ni kuujaza udongo joto mchana na kulizuia lisitoroke usiku. Kila mbinu nyingine ni tawi la hiyo.

Udongo wenye unyevu huhifadhi joto zaidi na hulipitisha vizuri zaidi kuliko udongo mkavu, kwa kuwa nafasi kati ya chembe zake zimejaa maji badala ya hewa. Kwa hiyo, siku unayohofia sakitu, mwagilia tuta asubuhi au adhuhuri hadi unyevu ushuke kama urefu wa kiganja, kisha uliache jua lifanye kazi. Usimwagilie jioni juu ya majani. Maji hayo hayatapata muda wa kupata joto, na yakikauka juu ya jani yataondoka na joto la jani lenyewe. Usilime wala kupalilia kwa kina siku hiyo, maana udongo uliotifuliwa umejaa hewa na hautoi joto lake.

Jambo la pili huwashangaza watu, na nimebishana nalo na zaidi ya mmoja. Maafisa wa kilimo hutufundisha kutandaza nyasi kavu juu ya tuta, na mafunzo hayo ni sahihi kwa kuhifadhi maji na kuzuia mmomonyoko katika vilima vyetu. Lakini matandazo ni blanketi la udongo, si la ua. Mchana huzuia jua lisiupashe udongo joto, na usiku huzuia joto lisipande kwenye majani, hivyo mizizi hulala vizuri na majani huganda. Katika wiki za hatari mimi husogeza matandazo kando, nikaacha udongo mtupu umezunguka kila mche kwa upana wa mkono, na kuyarudisha mvua za Septemba zinapotulia.

Kufunika

Dalili za usiku wa kufunika ni rahisi kuzisoma. Anga ni jeupe bila wingu, upepo umekufa kabla ya jua kuzama, na moshi wa majiko ya jirani, badala ya kupanda, hupanda kidogo kisha hulala na kutanda bondeni kama shuka. Dalili hii ya mwisho naiamini kuliko kipimajoto, kwa sababu inaonyesha kwamba hewa ya joto imekaa juu na ya baridi imefungiwa chini. Ukiona hivyo, funika. Anza kivuli cha kilima kinapofika bustanini, ambacho bondeni kwetu huwa saa kumi na moja na nusu, yaani muda mrefu kabla ya giza. Anayefunika saa nne za usiku anafungia baridi ndani, ingawa hata yeye ni afadhali kuliko aliyelala.

Vifaa vizuri ni vile vilivyomo nyumbani: magunia ya katani, shuka kuukuu, mablanketi yaliyochakaa, mikeka ya mafunjo. Majani ya migomba hufaa yakipangwa mawili mawili. Chandarua hakitoshi. Kavera, yaani plastiki, huzuia upepo na mvua, lakini jani linaloigusa huganda papo hapo penye mguso, kwa hiyo ukiitumia lazima isimame juu ya fito na isiguse mmea popote. Kitambaa chini na kavera juu yake ni bora kuliko kimoja peke yake. Kwa mche mmoja mmoja, kikapu kilichofudikizwa, ndoo au chungu kilichopasuka vinatosha.

Namna ya kufunika ndiyo huharibu kazi ya watu wengi. Nimeona mara nyingi kichaka cha waridi kimevikwa gunia kisha limefungwa kamba kwenye shina, mithili ya mtu aliyefungwa leso kichwani huku miguu iko nje. Kifuniko kama hicho kinazuia joto la udongo lisiingie, na mmea umetengwa na chanzo chake pekee cha joto. Kifuniko sharti kishuke kama hema, kifike ardhini pande zote, na pindo zake zikandamizwe kwa mawe au udongo. Simamisha fito nne kwenye pembe za tuta, na moja ndefu kidogo katikati, halafu tandika gunia juu yake likiacha nafasi ya kiganja kati yake na majani ya juu kabisa. Tuta la upana wa mita moja linamchukua mtu mmoja dakika kumi, na watoto wakisaidia, tano.

Kama usiku unaelekea kuwa mkali, ingiza ndani ya hema hilo jerikeni zilizojaa maji ambazo zimeshinda juani. Jerikeni moja ya lita 20, maji yake yakipoa kwa digrii 10, hutoa joto la takriban kilojuli 840, na hulitoa polepole usiku kucha. Jerikeni zilizopakwa rangi nyeusi, au zilizoungua masizi, hupata joto zaidi mchana kuliko zile za manjano tulizozizoea.

Asubuhi usikimbilie kufunua. Subiri jua lifike bustanini na barafu iliyo juu ya kifuniko iyeyuke yenyewe, kisha fungua upande wa magharibi kwanza, na ondoa vyote kabla ya saa nne. Usivisahau. Jua la mwinuko wetu ni kali hata siku inayoanza kwa baridi, na chini ya kavera iliyobana maua huungua kwa joto baada ya kuokoka kwenye barafu. Zaidi ya hayo, udongo uliofunikwa mchana haupokei joto la usiku unaofuata, na sakitu mara nyingi huja usiku mbili au tatu mfululizo.

Kuhusu moto na moshi, nitasema kwa ufupi. Moshi wenyewe hauzuii joto lisipotee kama mawingu yanavyofanya. Kinachosaidia ni joto la moto, na mioto midogo mingi husaidia kuliko mmoja mkubwa, ambao hewa yake hupaa na kuivuta ya baridi iingie pembeni. Katika kiangazi, karibu na nyumba na nyasi kavu, sioni kwamba bustani ya maua inastahili hatari hiyo. Kunyunyizia maji usiku kucha hufanywa na wenye mashamba makubwa na pampu, kwa kuwa maji hutoa joto yanapoganda, lakini ni lazima yaendelee bila kukatika hadi barafu yote iyeyuke; ndoo moja ya saa kumi alfajiri inaongeza madhara.

Maua ya kuchagua, na yale yaliyokwisha kuungua

Begonia, zinia na dalia hazivumilii sakitu hata kidogo. Petunia na geraniamu huvumilia ile nyepesi zikiwa zimezoeshwa. Mawaridi yaliyokomaa hupoteza machipukizi tu. Karnasheni na pansi ni za kupanda bondeni bila wasiwasi mkubwa, na kama mtu hana muda wa kufunika, ningemshauri aanze na hizo badala ya kupigana na hali ya hewa kila Julai.

Ikiwa umechelewa na maua yameungua, usishike mkasi siku hiyo. Majani yaliyokufa yanaendelea kuwa kifuniko cha machipukizi yaliyo chini yake, na ukiyakata unaufungulia mlango usiku unaofuata. Weka kivuli cha gunia upande wa mashariki ili jua la asubuhi lisiyapige yakiwa yameganda, mwagilia udongo mchana kwa kiasi, na usitie mbolea yoyote hadi uone chipukizi jipya. Zinia iliyolala chini haiamki. Ing’oe na upande nyingine. Kwa mmea wenye shina gumu, ngoja wiki mbili au tatu, kisha kwaruza gome kwa ukucha ukianzia juu kushuka chini. Palipo na rangi ya kahawia pamekufa, na palipo kijani ndipo pa kukatia, juu kidogo ya jicho. Dalia isikutishe ikiwa imekuwa nyeusi hadi chini, kwani viazi vyake viko ndani ya udongo. Mwaka ule niliopoteza begonia zote, dalia moja niliyokuwa nimeihesabu kuwa imekufa ilichomoza tena wiki ya pili ya Septemba, hatua moja kutoka pale kipimajoto kinapokaa sasa.